Wanne Wametoka, Mwandoe Kabaki

Kona yetu iko mbele ya posho mili ya kusagia mahindi, pale barabara ya mjini inapoachana na ile ya kupanda milimani. Pana benchi moja refu, pana Mzee Shambi na dele lake la kahawa ya tangawizi, na pana mimi, Fundi Mwakio. Nashona viatu huku nikiwasikiliza watu watatu ambao Mungu hakuwapa kazi nyingine ila kunipasua kichwa. Kilomita aliendesha lori miaka thelathini, na mpaka leo hupima kila kitu kwa umbali. Kiapo hawezi kukutajia saa bila kuapa. Mubashara ana simu yenye kioo kilichopasuka, naye hutangaza habari kabla hazijamaliza kutokea. Jana jaji alisoma uamuzi wa dhamana kwa washtakiwa watano wa kesi ya marehemu Righa, yule mlinzi wa tangi aliyepigwa mpaka akafa kwenye fujo za mkutano wa maji. Wanne wamepewa bondi: kinyozi, mwana wa chifu mstaafu, na wale ndugu wawili wa duka la nafaka. Aliyenyimwa ni mshtakiwa wa pili, Mwandoe, fundi wa pampu. Kesi yenyewe haitasikizwa mpaka Februari, na sasa ndiyo kwanza Julai.

KIAPO: Haki ya Mungu, nchi imeoza. Kosa moja, watu watano, wanne waende kwao wakale kimanga, mmoja abaki ndani?

KILOMITA: Wewe hujui barabara. Kutoka kwa Mwandoe hadi mpakani ni kilomita themanini na mbili. Jaji amepima. Ameona huyu akipiga mguu tu, kesho yuko Holili anakunywa chai ya Tanzania.

— Na kinyozi je? nikamuuliza. Kinyozi kwao ni Taveta kwenyewe. Mamake akitema mate yanaangukia Tanzania.

KILOMITA: Kinyozi ana miguu bapa. Hafiki.

— Kwa hiyo jaji alikagua nyayo zao?

KILOMITA: Fundi, shona kiatu.

KIAPO: Nyote hamjui sheria. Kesi ya mauaji lazima abaki mmoja. Haki ya Mungu, imeandikwa! Wote wakienda nyumbani, jaji atahukumu nani? Viti?

MUBASHARA: Aaa! Hiyo ina akili kidogo.

— Haina hata chembe! Mbona basi abaki wa pili, asibaki wa kwanza?

KIAPO: Wa kwanza ni kiongozi wa msafara, anahitajika huku nje. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

— Mgema ni nani hapo, Kiapo?

KIAPO: Jaji.

— Na tembo?

KIAPO: Tembo ni hao wanne. Lo, Fundi, wewe lazima kila kitu utafuniwe?

Nilipiga msumari nikakosa, nikajipiga kidole. Watu hawa wananiletea hasara ya mwili. Mzee Shambi akawaongeza kahawa bila kuulizwa, maana amekwisha kujua kwamba mjadala wa namna hii hauishi kwa kikombe kimoja.

MUBASHARA: Sasa sikilizeni habari yenyewe. Mnajua kwa nini Mwandoe amefungiwa? Ni watu wa maboza! Pampu imekufa toka wiki aliyokamatwa. Nani anafurahi? Wenye maboza ya maji!

KILOMITA: Ehee. Boza moja linatoka kilomita kumi na tisa.

MUBASHARA: Na wale ndovu walioponda bomba Januari? Mliwahi kuona ndovu anaponda bomba peke yake? Walisukumwa na helikopta! Na mvua je? Nani anaizuia mvua?

KIAPO: Haki ya Mungu, hata mimi niliisikia hiyo helikopta.

— Uliisikia wapi? Januari ulikuwa umelazwa na malaria!

KIAPO: Ndiyo maana niliisikia vizuri. Kulikuwa kimya.

Nikaweka nyundo chini. Nilikuwa nimechoka, tena nimechoka kikweli. Mwandoe ni jirani yangu wa bonde la pili. Ana mke na binti, na mahindi yake yamenyauka shambani bila mtu wa kuyakata. Ningependa walau siku moja habari ya mtu kama huyo isemwe kwa akili. Ndipo simu ya Mubashara ikalia.

MUBASHARA: Uamuzi huu hapa! Wenyewe! Umetumwa kwenye kundi la kanisa. Uko kwa Kizungu, ngojeni niwatafsirie.

KILOMITA: Ruka salamu, soma pa Mwandoe.

MUBASHARA: "Afisa wa probesheni alizuru kijijini apate maoni ya jamii kuhusu kila mshtakiwa..." Naruka... "Kwa mshtakiwa wa kwanza, wa tatu, wa nne na wa tano, jamii haina kinyongo, wanatoka familia zinazojulikana. Lakini kwa mshtakiwa wa pili, wakazi waliohojiwa walisema ni mtu wa dharau, hachangamani na wenzake, na..." Ala!

KIAPO: Soma, bwana!

MUBASHARA: "...na kwamba akirudi watamfukuza kwa mawe. Kwa usalama wake mwenyewe, mahakama inaona heri abaki rumande."

KIAPO: Haki ya Mungu, hao wakazi ni wachawi! Mtu na pampu yake, wampige mawe? Watu gani hao wabaya hivyo?

— Wanatoka wapi? nikasema, na damu ilinipanda kweli. Mubashara, wametajwa?

MUBASHARA: Majina hakuna. Imeandikwa tu, "mmoja alisema atafukuzwa kwa mawe mpaka Maungu."

Dunia nzima ina watu wengi, lakini anayefukuza watu mpaka Maungu, kule njia ya Mombasa, ni mmoja tu. Kwa mdomo wake amewahi kumfukuza mpaka Maungu mwizi wa kuku, diwani, na refa wa mechi ya shule. Sote tukamgeukia Kilomita. Kilomita alikuwa anachungulia ndani ya kikombe chake.

KILOMITA: Ni msemo tu ule. Nilisema nikicheka.

— Ulimwambia nani?

KILOMITA: Yule dada wa faili la kahawia. Aliyekuja na kiatu chake, kisigino kimetoka.

Nilimkumbuka. Nilikishona kile kisigino mimi mwenyewe. Alikaa pale mwisho wa benchi, akawanunulia wote kahawa, akauliza habari za wale watano mmoja mmoja, taratibu, huku akiandika.

KIAPO: Yule si alikuwa wa redio?

MUBASHARA: Mimi nilijua ni wa mradi wa maji! Nikasema nichangamshe mazungumzo, asituone tumepooza.

— Alijitambulisha, nikasema. Alitoa na kitambulisho. Nyinyi mlikuwa mnabishana, hamkusikia.

KILOMITA: Lakini dharau sikusema mimi. Dharau ni ya Kiapo.

KIAPO: Mimi nilisema ukimsalimia anajibu kwa kichwa! Sikuapa hata kidogo siku ile.

KILOMITA: Na "hachangamani" ni ya Mubashara.

MUBASHARA: Si ni kweli? Amewahi kukaa hapa? Wale wanne tuliwasifu kwa sababu tunawajua. Huyu tungesemaje, na hatuna la kusema?

— Mngesema hamna la kusema!

KILOMITA: Usitupandishie sauti, Fundi. Nani alimwambia yule dada "andika, andika, usiache hata moja"?

Nilisema mimi. Nilisema huku nikicheka, sindano mkononi, kwa sababu ile ya Maungu ilinichekesha.

KILOMITA: Hata hivyo, mchimba kisima huingia mwenyewe. Na yeye si ndiye mtu wa maji?

Kabla sijamrushia kiatu, Mzee Shambi akakohoa. Mama Mghoi, mkewe Mwandoe, alikuwa anavuka barabara. Viatu vyake vimejaa vumbi jekundu, mkono mmoja umeshika karatasi zilizopigwa pini, mkono wa pili umembeba kuku jike aliyefungwa miguu.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, shemeji, tukaitikia, na Kiapo akainuka kumpisha. Hakukaa.

— Nimetoka kwa wakili, akasema. Ameniambia mahakama inaweza kuombwa tena, ila mpaka wale waliomkataa mzee wangu wabadilishe neno lao kwa maandishi. Nikaenda kwa afisa wa probesheni. Hakunitajia mtu. Alisema tu ni watu wa kona ya posho mili.

Mzee Shambi akamjazia kikombe, naye hakukigusa.

— Mimi sikuja kugombana. Mwandoe ni mtu wa kimya, najua. Anaweza kumkosea mtu asijue. Nimekuja kuomba msamaha kwa niaba yake, na kwetu haombi msamaha mtu mikono mitupu.

Akainama, akamweka yule kuku chini ya benchi, miguuni pa Kilomita. Kuku akapiga bawa mara moja, akatulia.

— Mama Mghoi, Kilomita akaanza, sisi...

— Ngoja, baba. Mtu akiomba msamaha asiojua ni wa nini, huo si msamaha. Na Ijumaa naenda kumwona rumande, lazima ataniuliza. Kwa hiyo niambieni kwanza. Mume wangu aliwakosea nini?

Kilomita akamtazama Kiapo. Kiapo, kwa mara ya kwanza toka nimjue, hakuwa na la kuapia. Mubashara akaifunika simu kwa kiganja. Jibu lilikuwa neno moja tu, hakuna, na kila mmoja wetu alijua kwamba akilitamka atalazimika kueleza lile jingine tulilomwambia yule dada.

Kisha Mama Mghoi akanigeukia mimi, akaniuliza kwa adabu, kama mtu anayehofia kwamba ameuliza vibaya:

— Labda wewe, Fundi, wewe jirani yetu. Alikukosea nini?