Bi Shariffa, Aliyetufundisha Kupeana Mgongo

Alhamisi ya tarehe 30 Aprili 2026, Bi Shariffa binti Marhoon atastaafu baada ya kuitumikia benki yetu miaka ishirini na tisa, yote katika tawi la Mawaleh hapa Maskati, na karibu yote akiwa amesimama. Hotuba ya Kiarabu ataisoma meneja. Sisi tuliolelewa kwa Kiswahili tumeomba ukurasa huu, maana mambo ya Bi Shariffa yakihamishwa lugha hupoa.

Aliajiriwa kuwa karani wa mapokezi. Mashine za kutolea pesa zilipowekwa pale ukumbini, aliombwa awaelekeze wateja kwa wiki moja tu. Wiki hiyo ndiyo inakwisha Alhamisi.

Kila asubuhi, kabla ya kumsalimia mtu, Bi Shariffa huvuta ule mdomo wa mashine unaomeza kadi, kuhakikisha hakuna mwizi aliyebandika kidude chake cha kunakili kadi. Mwaka mmoja aliuvuta hadi ukamjia mkononi, na kumbe ulikuwa mali halali ya benki. Fundi alipomsihi awe anavuta kiungwana, alijibiwa kwamba kinachong'oka kwa mkono wa bibi kizee si mdomo, ni jino la utoto. Tangu hapo mdomo ule umekazwa skrubu za kutosha gari.

Lakini sifa yake kubwa ni neno moja: "Mgongo!" Mtu akianza kubonyeza namba yake ya siri, foleni nzima sharti igeuke. Sisi Waswahili tunajua kuwa kumpa mtu mgongo ni kumtupa. Kwa Bi Shariffa ni adabu, na asiye nayo hufundishwa papo hapo. Mkubwa mmoja kutoka makao makuu alikuja kukagua mashine, akageuzwa kama wengine, na siku hiyo akakagua ukuta.

Hatuwezi kumuaga bila kisa cha Stefania. Mama huyu wa Marangu anafanya kazi katika nyumba moja mtaa wa Qurum. Mwaka juzi alikuja na rafiki yake Belinda kutoa nauli ya kwenda kumwoza bintiye Aika. Kadi ile ilibeba nauli, mchango wa harusi na akiba yake yote. Ingepotea, Aika angeolewa bila mama. Stefania alikuwa amesahau miwani, basi akamweka Belinda kwenye vitufe, yeye akasimama nyuma akimtajia namba kwa sauti ya kwaya. Belinda alipomnong'oneza apunguze, alijibu: "Dada, wewe bonyeza tu. Hawa Waarabu watajulia wapi Kiswahili?"

Nusu ya foleni ile bibi zao walizaliwa Unguja. Watu walikohoa, wakatazama viatu vyao. Belinda alipoirudia kwa makosa namba ya tatu, mzee mmoja mwenye kofia ya kazi ya mkono alishindwa kujizuia: "Kasema saba, mwanangu, si sita."

Mashine ikairudisha kadi. Kijana nadhifu aliyekuwa nyuma yao akawahi kuichomoa, akaifuta kwenye mkono wa kanzu kwa huruma nyingi, akampa Stefania. Huyu ndiye ambaye Bi Shariffa alikwishamwambia kwa Kiswahili asogee nyuma, naye akajibu kwa Kiarabu kwamba lugha hiyo haijui hata neno. Bi Shariffa aliuona mkono wake ukipitia mfukoni, lakini hakuwa na hakika, na mteja hakamatwi kwa dhana.

Basi akamsogelea, akasema polepole, kwa Kiswahili cha kwao: "Baba, nna jambo la aibu kukwambia. Kanzu yako imechanika nyuma, yote nje."

Mikono miwili ya yule kijana ikaruka nyuma kuziba. Kanzu ilikuwa nzima. Ghaith, mlinzi wetu, akafunga mlango, na kadi ya Stefania ikatoka mfukoni kwa kijana, maana ile aliyopewa Stefania ilifanana nayo kwa rangi tu. Polisi walipokuja, mtuhumiwa alijitetea kwa Kiswahili fasaha kabisa.

Stefania alilia, akacheka, akalia tena. Bi Shariffa alimkalisha, akambadilishia namba, akamwambia: "Siri ya mtungi aijuaye kata, mwanangu. Wewe umewapa kata Maskati nzima." Aika aliolewa, mama yake akiwa kiti cha mbele.

Sasa tuseme la mwisho, ambalo wengi hawalijui. Miaka yote hii Bi Shariffa hakuwahi kutumia mashine. Mshahara wake aliuchukua dirishani, akisema zile mashine anazijua mno. Mwezi uliopita tulimshawishi ajaribu, maana akishastaafu hatakuwa na dirisha la kujipendelea. Alisimama mbele ya mashine na kadi yake mpya, mkono mmoja umefunika vitufe kwa ukaya wa kichwani, na ule mwingine ukitafuta namba moja moja. Tulimwonea huruma sana. Katika foleni alikuwapo Stefania, safari hii na miwani. Aligeuka, akatazama mlango, na mmoja baada ya mwingine foleni yote ikageuka, na makarani madirishani, na meneja, na Ghaith. Noti tulizisikia tu, zikitoka nyuma yetu.

Ahsante, Bi Shariffa, kwa ukali wako na kwa upendo uliokuwa ndani yake. Mungu akupe afya, usingizi mtulivu na wajukuu wasikivu. Benki imekuandalia kiinua mgongo. Sisi wenzako hatuna cha kukupa ila mgongo wenyewe, na kila utakapokuja kutoa pesa zako, utaukuta.