Mama Aliyeaga Kila Alipotoka

Wasikilizaji wapendwa, salaam aleikum kwa wenye salamu hiyo, na wengine habari zenu. Mimi ni Yattani. Leo tunamkumbuka Istar Mahamud wa Wabera, Isiolo. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: Istar Mahamud, mwenye duka la vitambaa, mke wa Shuriye wa lori, mama wa Sahro. Alifariki Ijumaa, tarehe kumi na moja Machi, mwaka huu wa 1988. Tangazo la kifo chake hamkulisikia hapa. Nitawaambia kwa nini. Nikipandisha sauti mnivumilie, nina hasira, na mtu anayenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe.

Istar na Shuriye walijaliwa mtoto mmoja tu, Sahro, mwaka wa 1964. Msichana mwerevu, mcheshi, lakini jambo dogo lilimchoma kama maji ya moto. Asubuhi wewe ndiye mtu wake, adhuhuri wewe ndiye adui. Ukichelewa dakika kumi, kwake umemtupa. Alikuwa anavunja vyombo, anajiumiza mikono, halafu analia akiomba asiachwe.

Sasa, nyumba nyingi za watu wa malori pale kwetu zilikuwa na desturi. Msafiri haagi mtoto. Anangoja mtoto aende chuoni kusoma Kurani, anatoka kimya, na hakuna anayeuliza atarudi lini. Waliamini machozi ya mtoto yanaharibu safari. Watoto wengi walizoea, Sahro hakuzoea. Mwaka wa 1975 alitoka chuoni akakuta baba ameshaenda Merti. Alivunja vyombo, hakubakisha kikombe. Mwaka wa 1979, lori likipakiwa sukari, alilala mbele ya gurudumu, akakataa kuondoka mpaka jua likawa utosini.

Mtaa mzima tulitoka kutazama. Wako waliosema ana jini. Wako waliosema aozwe, mume atamtuliza. Mimi jirani yao, niliyejiona nimesoma, nilimwambia Istar amchape.

Istar alikuwa ameketi vumbini kando ya binti yake. Akanijibu, "Yattani, nikimchapa ataamini tu kwamba nimemchoka."

Kuanzia siku ile aliivunja ile desturi. Akitoka, anaaga. Anasema anakwenda wapi na anarudi saa ngapi, na saa hiyo anarudi. Siku moja foleni ya nyama ilikuwa ndefu, akaacha zamu yake akarudi mikono mitupu, wakala maharagwe. Wanawake walimcheka eti mtu mzima anamwomba mtoto ruhusa. Shuriye mwenyewe alichukua miaka miwili kukubali, kisha naye akaanza kuaga.

Msidhani Istar alikuwa malaika. Mwaka wa 1983 Sahro aliingia dukani akamwita mama yake mchawi mbele ya wateja. Baada ya saa moja akaja kumlalia mapajani. Istar alikuja kwetu akalia kwa hasira. Alisema amechoka mpaka mifupa, na kuna siku anatamani apande lori lolote linaloondoka. Kisha akatazama saa akainuka. Alikuwa ameahidi kurudi saa kumi.

Mwaka uliofuata daktari mmoja wa Nairobi alimwona Sahro. Alisema hana hakika, lakini huenda ni ugonjwa wa hisia, si jini wala si wazimu. Akawashauri wasimfiche mambo, na wasimwahidi wasichoweza. Istar alirudi amefura kwa hasira. Miaka mitano alikuwa akifanya hayo hayo, na hakuna jirani aliyemshika mkono hata siku moja!

Lakini ilisaidia, wasikilizaji wapendwa. Polepole sana, ilisaidia. Kufikia mwaka jana Sahro alikuwa akisimamia duka nusu siku. Mwaka mzima ulipita hajajiumiza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jumanne, tarehe nane Machi, Istar alipelekwa hospitali huko Meru, figo zimegoma. Alimuaga Sahro. Alimwambia atarudi Alhamisi, na akikawia atatuma habari. Ijumaa akafariki. Akazikwa huko huko Meru siku hiyo hiyo, na Sahro hakuambiwa. Shuriye na shemeji yake Bisharo, waliokuwa naye hospitalini, waliogopa binti atajidhuru. Walimwambia mama amepelekwa Nairobi. Shuriye akaja hapa kituoni, akaniomba tangazo lisisomwe, maana msichana anasikiliza redio. Mimi nikakubali. Nilijiambia ni huruma. Huruma gani hiyo?

Siku kumi na moja Sahro aliulizia habari. Siku ya kumi na mbili mteja aliingia dukani akampa pole.

Nilipofika Wabera, alikuwa amesimama mbele ya Shuriye, Bisharo na mimi, hana machozi. Aliuliza tu, "Alisema nini kuhusu mimi?" Sasa yuko Burat kwa Bisharo. Hasemi na mtu. Redio, naambiwa, hazimi.

Shuriye, Bisharo, na jamaa wote, poleni sana. Mungu amlaze Istar mahali pema. Najua mliogopa, na woga wenu haukuwa wa bure. Na nyinyi mlio na mtoto wa aina hii nyumbani, na nyinyi majirani mnaotoka kutazama, kaeni mfikirie: ni nani leo mnamficha ukweli, mkaita hiyo huruma?

Na wewe Sahro, mwanangu, jibu lako hili hapa. Juzi nilimbana Bisharo mpaka akasema. Mama yako alifariki Ijumaa saa nne asubuhi. Alhamisi, alipoona harudi, alimtuma Bisharo akuletee habari. Alisema, "Mwambie Sahro nimekawia, sijamwacha." Ijumaa asubuhi aliuliza mara mbili kama umeambiwa. Bisharo akamjibu ndiyo.

Mama yako alikuaga, Sahro. Sisi ndio hatukukufikishia.