Kifungu cha Saba

BABA: Haloo? Ni nani?

BINTI: Ni nani! Baba, jina langu limetokea hapo kwenye kioo cha simu. Nimelikuza mwenyewe likawa kama bango la duka. Bado unauliza ni nani?

BABA: Salamu kwanza.

BINTI: Shikamoo.

BABA: Marahaba. Imetoka kama tusi, lakini marahaba. Mama yako ameamkaje?

BINTI: Mtu amevunjika nyonga, ataamkaje? Nipo hapa nje ya wodi. Baba, ile fomu—

BABA: Fomu, fomu! Wiki ya tatu hii huna wimbo mwingine—

BINTI: Wiki ya tatu ndiyo! Wiki ya tatu unaniambia kesho. Kesho yenyewe ndiyo anapasuliwa. Bila fomu ya wategemezi yenye mhuri wa ofisi ya wastaafu, hawamgusi. Ofisi inafungwa saa tisa, na sasa ni saa sita na nusu.

BABA: Saa ninayo ukutani.

BINTI: Umeijaza?

BABA: Karibu nimalize.

BINTI: Karibu haigongwi mhuri, baba!

BABA: Wewe unajua unaongea na nani? Miaka thelathini na moja nimepanga chapa. Kila fomu ya ofisi zile imepita kwenye vidole hivi, herufi moja moja za madini ya risasi. Hiyo fomu nimeizaa mimi. Leo unifundishe kuijaza?

BINTI: Ndiyo maana inaniuma. Mtu aliyekuwa akirudisha gazeti dukani kwa sababu ya koma moja, leo karatasi moja imemshinda. Ni uvivu tu. Ulistaafu kazi, ukastaafu na sisi.

BABA: Chunga mdomo wako.

BINTI: Nimeuchunga wiki tatu! Mama amelala humu kwa sababu yako! Uligonga ndoo ya maji, ndoo nyekundu kama jicho la mlevi, maji yakajaa sakafu yote ya jikoni, ukayaacha—

BABA: Niliyafuta.

BINTI: Ulifuta kona moja! Dimbwi zima ukaliacha pale mlangoni. Mama akaja na sufuria mkononi, akateleza.

BABA: Umepiga simu kunihukumu? Maana kama ni hivyo, nakata—

BINTI: Kata uone! Nitakuja na mashangazi wote. (mkwaruzo) Haloo? Haloo?

BABA: Nipo.

BINTI: Basi tuijaze sasa hivi, mimi na wewe. Nakala ninayo, wamenipa hapa dirishani. Ile yenyewe yenye namba unayo wewe. Chukua kalamu. Nisomee kifungu cha saba, wengi wanakosea hapo.

BABA: Nitajaza kwa wakati wangu.

BINTI: Nisomee!

BABA: Ee! "Kifungu cha saba. Jina kamili la mwenzi wa ndoa, kama lilivyo kwenye cheti." Halafu mstari wa nukta. Chini yake, tarehe ya ndoa. Haya, umeridhika?

BINTI: Rudia.

BABA: Masikio yako ya nini?

BINTI: Hapa kifungu cha saba ni namba ya simu.

BABA: Basi wamekupa takataka.

BINTI: Na hakuna mstari wa nukta, baba. Kuna visanduku. Kila herufi na kisanduku chake.

BABA: Visanduku? Nani kaweka visanduku kwenye fomu yangu?

BINTI: Wameibadilisha mwaka juzi. Soma kichwa, pale juu kabisa.

BABA: "Fomu Namba Kumi na Nne—"

BINTI: Siyo kumi na nne.

BABA: Mtandao huu unakwaruza, sikusikii vizuri—

BINTI: Unanisikia. Hiyo karatasi umeitoa wapi?

BABA: Hapa mezani.

BINTI: Fomu niliiacha juu ya friji, kwenye bahasha ya kaki. Mezani kuna notisi ya kukatiwa maji. Baba. Tangu lini?

BABA: Tangu lini nini?

BINTI: Usinizungushe!

BABA: Jicho la kushoto, mwaka wa nne huu. La kulia lilianza mvua zilizopita. Mwanga naona. Mtu akisimama mlangoni naona. Herufi hakuna.

BINTI: Na habari za gazeti? Kila jioni ulikuwa unanipigia, unanichambulia ukurasa kwa ukurasa—

BABA: Mama yako alikuwa ananisomea.

BINTI: Kumbe mama anajua! Mmekaa wawili mnanificha—

BABA: Nilimwapisha. Mwache.

BINTI: Mficha maradhi, kifo humuumbua, baba.

BABA: Methali hiyo nimeipanga chapa kwenye kalenda mara tatu.

BINTI: Usinichekeshe! Wiki tatu nakuita mvivu, na wewe unaniacha tu?

BABA: Bora mvivu. Mvivu ana nyumba yake na ufunguo wake. Kipofu anahamishiwa chumba cha nyuma kwa mwanawe, anakatiwa nyama kama mtoto.

BINTI: Na mama? Ungemwacha alemae kwa ajili ya aibu yako?

BABA: Asubuhi nilitoka nimwombe yule fundi viatu wa hapo kona anijazie. Nikafika mpaka kwenye kibao chake. Nikarudi.

BINTI: Kwa nini ukarudi?

BABA: Aliniwahi. Akanipa barua ya mwanawe nimsomee. Kama siku zote.

BINTI: Ukafanyaje?

BABA: Nikamwambia nina haraka. Na yale maji, nilipiga magoti pale jikoni, mwanangu. Nilifuta kwa shati langu mpaka mkono ukapapasa pakavu. Nikadhani yamekwisha.

BINTI: Nimekasirika, baba. Mpaka watu hapa wananitazama.

BABA: Najua.

BINTI: Na hayajaisha. Mama akitoka kwenye upasuaji, nitawagombeza wote wawili.

BABA: Akitoka.

BINTI: Nachukua pikipiki. Naandika mimi, wewe utaweka dole gumba—

BABA: Dole gumba siweki! Nina sahihi. Nishikie tu mkono, unionyeshe pa kuanzia.

BINTI: Haya, sahihi. Kaa hapo hapo, bahasha usiitafute, utapanda kiti uanguke na wewe—

BABA: Na kalamu iwe nyeusi! Ya bluu hawai— (mkwaruzo) Haloo? Haloo!

(Simu imekatika. Inaita tena.)

BABA: Haloo? Ni nani?

BINTI: Ni binti yako, baba. Yule mkubwa. Nyeusi ninayo.