Mama Kapu na Simu Zilizolala Sebuleni

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu na wanafunzi, familia imenipa mimi, mdogo wake wa mwisho, kazi ya kuwasomea maisha ya dada yetu, na naomba mnivumilie nikikosea, maana aliyekuwa akinisahihisha ndiye huyu aliyelala mbele yetu.

Dada alizaliwa tarehe 12 Machi 1974, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, ambako alitulea wadogo zake kwa mapenzi na kwa kufoka, na mpaka leo mtu akipiga makofi mawili sisi tunakwenda kunawa mikono. Alisoma shule ya msingi ya hapo stesheni, akaendelea na sekondari ya wasichana, kisha chuo cha ualimu alikohitimu mwaka 1998, na Januari 1999 akaajiriwa kufundisha kompyuta katika sekondari aliyoitumikia hadi mwisho, katika chumba chenye nondo madirishani na feni moja iliyopiga kelele kuliko wanafunzi.

Intaneti ilipofika shuleni mwaka 2003, dada aliweka kizuizi ili watoto wasikutane na picha za ngono, akakikaza kupita kiasi, kikazuia na somo zima la mfumo wa uzazi, hivyo mwalimu wa baiolojia akawa anakuja kila mapumziko kulalamika, malalamiko yakaanza kuja na chai, na tarehe 18 Desemba 2004 wakafunga ndoa. Shemeji ameniomba niseme kwamba kizuizi kile hakijarekebishwa vizuri mpaka leo. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2006 na mvulana aliyezaliwa tarehe 2 Agosti 2008.

Sehemu inayofuata mpwa wangu ameniruhusu kuisoma, tena amenikataza kuiruka. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alitumiwa video za ngono na mwenzake wa darasa la juu, akatazama ya kwanza kwa woga, nyingine kwa udadisi, kisha akashindwa kuacha, akawa hali chakula vizuri, hapati usingizi, hawezi kumtazama dada yake usoni, na mama yake, aliyefunga kila mlango wa mtandao shuleni, alichelewa kujua kwamba jambo lile limeingia nyumbani kwake kupitia simu aliyoinunua mwenyewe. Kwanza aliifungia simu kwenye sanduku, kijana akaanza kuazima za wenzake, wapo ndugu waliopendekeza fimbo, wengine shule ya bweni ya mbali, na hapo dada alituambia sote tunyamaze, akaingia chumbani kwa mwanawe, akakaa chini sakafuni, akamwambia: "Mwanangu, hujaharibika. Umeona mambo yanayomsumbua hata mtu mzima, na ulikuwa peke yako. Sasa tuko wawili."

Tangu hapo kapu la sokoni likawekwa juu ya kabati la sebuleni, na baada ya chakula cha jioni kila simu ya nyumba ile ililala humo mpaka asubuhi, ya dada mwenyewe ikitangulia, na ya mgeni pia, mimi mwenyewe nikipokonywa yangu kila nilipokwenda kusalimia, huku shemeji akiwaeleza watoto bila kuona haya miili yao ilivyo, heshima ni nini, na jinsi video zile zinavyowadanganya vijana kuhusu mapenzi. Kijana alirudi kula taratibu, akateleza, akasema mwenyewe kwamba ameteleza, mama hakumfokea, yeye aliyetufokea sisi kwa kuacha mlango wazi.

Kwa ruhusa ya mwanawe dada alisimama kwenye kikao cha wazazi akasema jambo hili limemkuta nyumbani kwake, baadhi walimteta mpaka sokoni, lakini wiki ile ile wazazi walianza kumgongea mlango mmoja mmoja, wakiuliza hilo kapu linatumikaje, ndipo akapata jina la Mama Kapu, akalipenda kuliko cheo chochote.

Novemba 2023 aliugua figo, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa, na hata wodini jioni alimkabidhi binti yake simu ikawekwe kapuni, mpaka alipofariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2025. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kama mama yao, majirani waliopika na kufagia bila kuombwa, na walimu wenzake walioshika vipindi vyake kwa muda wote wa ugonjwa.

Dada, jana nyumba ilijaa watu, nikadhani kwa msiba huu utaratibu wako umesimama, lakini baada ya chakula mwanao alishusha kapu, akalipitisha kwa kila mmoja wetu, wazee kwa vijana, na hakuna aliyebisha. Simu yako aliikuta humo, akaiacha palepale, akazipanga zetu kuizunguka. Pumzika, dada yangu, simu zote zimo kapuni.