Mtemi Atangulie

Lori la pamba lilipoondoka Maswa, Shigela alimgeukia Benedikta, muuza samaki wa Lamadi aliyeketi naye juu ya magunia matupu, akaanza kumjaribishia kisa chake. Bwana wa gari la sinema alikuwa Bariadi akitafuta visa vya kuigizwa, na kila mtu alipewa pumzi moja tu ya kueleza chake.

"Mke wangu aliugua," alisema, "nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, nikapitia kwa shemeji, shemeji hakuwepo..."

"Baba, umeshatulaza. Manju wa ngoma akianza kuimba hivyo, watu wote wanahamia kwa mpinzani wake. Nani anataka nini, na nani anamzuia?"

Lori lilipomaliza kupanda kilima, Shigela alijaribu tena. "Mtu anampeleka mkewe mahututi zahanati, lakini mtemi amefunga daraja mpaka mgeni wake apite."

Daraja hilo, nguzo zake alizichimbia Shigela mwenyewe.

"Hapo nimekaa wima. Ila mtemi mtoe. Huyo bwana wa sinema anakula kwa mtemi. Sema mto ulifurika."

"Mto haukufurika, mayu, mama yangu. Wakubwa wakiua, husingiziwa mvua."

"Watakukatiza."

Lori likasimama sokoni Bariadi. Gari la sinema lilikuwa pale, na bwana mwenyewe kando yake. Benedikta akamshika shati. "Mto, baba."

Shigela aliirudia sentensi yake chini chini, akaipindua kichwa chini.

"Nitaanza na mtemi," alisema akishuka. "Wakinikatiza, awe ameshatajwa."