Makasha Kumi na Manne ya Maalimu Muhsin

Maalimu Muhsin ametumikia kituo chetu cha lugha za kale hapa Riyadh miaka thelathini na miwili. Anastaafu leo, Juni 30, 2025, anarudi kwa familia yake Jeddah. Mimi, dereva wake, nimekataa maneno haya ya kumuaga yaandikwe na wasomi. Wangepaka asali.

Kazi yake ilikuwa kutafuta Wachina wa kale walianza maneno yao kwa sauti gani. Waliotamka wamekufa, zimebaki alama walizoandika. Kila alama aliipa kadi, na zenye kipande kinachofanana ndani akaziweka pamoja katika kasha moja. Kuna mbili hivi, leo moja inasomwa ge na nyingine luo. Maalimu akasema zamani k na r zilishikana pale mwanzoni, baadaye kila neno likapoteza moja. Mimi niliishia darasa la tatu na nilielewa siku hiyo hiyo.

Bosi mpya hajaelewa mpaka leo. Mwezi wa tano, Maalimu akiwa hospitali kwa ajili ya jicho, aliamuru kadi zote zipangwe upya kwa matamshi ya Wachina wa sasa. Ge huku, luo kule. Halas, yamekwisha!

Maalimu aliporudi alifungua kasha moja, akakaa chini.

"Si sasa ziko kwa mpangilio, baba?" bosi akauliza.

"Ziko, bwana. Mpangilio wa duka la viatu."

Bila mpangilio wa kwanza kitabu chake hakimaliziki. Wiki tano tumezirudisha kadi sisi wawili, yeye kwa elimu, mimi kwa macho tu. Macho yangu yanashika alama kuliko hao wenye digrii, na Maalimu mwenyewe alisema, "Naftali, wewe ungenichukulia kazi." Tumemaliza makasha tisa. Matano bado, na bosi anasema yote kumi na manne ni mali ya ofisi, yabaki. Yabaki yafanye nini? Yaliwe na mchwa?

Bosi, leo utamshika mkono upigwe picha. Acha picha. Tia sahihi makasha yaende Jeddah, mzee akamalize kitabu. Gari liko mlango wa nyuma, viti vya nyuma nimeshang'oa yapate nafasi.

Maalimu, asante kwa kazi yako. Mungu akupe miaka mingi na jicho lenye afya, ufurahi na wajukuu. Lakini usipande gari kabla makasha hayajapanda.

Naftali, dereva