Waliokua

Ndani ya basi la asubuhi, dada mmoja msusi alikuwa akimnywesha mwanawe chupa. Mama mtu mzima aliyeketi kando yake aliliangalia kopo la maziwa ya unga, akaguna.

"Unamnywesha vumbi la kiwandani, mwanangu? Chemsha maziwa ya ng'ombe, tia maji na sukari. Wangu niliwalea hivyo, na leo wana ndevu."

"Mama mkwe naye alisema hivyohivyo," msusi alijibu bila kugeuka. "Nikamwachia mtoto, nikaenda saluni. Ona mikono yake ilivyo kama njiti. Sasa tunakwenda hospitali."

"Hiyo ni husuda ya watu. Mwombe Mungu."

"Namwomba, mama. Nilimwomba hata alipokuwa anakonda."

Abiria wa mbele waligeuza vichwa, wasije wakakosa neno.

"Wangu watano wamekua," mama alisisitiza, "na hakuna aliyepelekwa hospitali."

Msusi akamgeukia kwa mara ya kwanza. "Ulizaa wangapi?"

Basi likasimama. "Hospitali, shukeni!" kondakta aliita. Mama alisogeza magoti ampishe. Soksi ya mtoto ilikuwa inamvuka mguuni. Yule mama akaivuta juu taratibu, akaishikilia kidogo, kisha akageukia dirishani.